Kitabu Ambacho Newton Hakutaka Ukisome

Desemba iliyopita kijana wa jirani yangu, yuko kidato cha tano, alibisha hodi akiwa amekumbatia bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na Principia ya Isaac Newton, tafsiri ya Kiingereza, jalada gumu, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Aliinunua kwenye meza za vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, kwa pesa aliyopewa ya nauli. Mjomba wake, mtu aliyesoma akasomeka, ndiye aliyemtuma: ukitaka kuijua fizikia, achana na vijitabu vya kukaririshana, nenda kwa Newton mwenyewe. Kijana akaenda. Tiketi ya basi aliyoiweka kama alama ilikuwa haijavuka ukurasa wa 40.

"Shikamoo mzee," akasema. Kisha, hata sijaitikia sawasawa: "Hivi tatizo ni mimi?"

Tatizo si yeye. Mjomba ninamheshimu, lakini nitamjibu hadharani, kwa sababu anachokisema hakukitunga yeye. Kimo kwenye orodha za vitabu kumi vya sayansi ambavyo eti usipovisoma utakufa vibaya. Kimo kwenye hotuba za mahafali. Kimo kwenye baraza la kahawa, hasa wakisema wale ambao hawajafungua kitabu tangu wamalize chuo.

Tuwatendee haki kwanza. Wana hoja tatu, na hakuna iliyo ya kijinga. Ya kwanza: maji ni safi kwenye chemchemi, yakishapita vijijini kila mtu ameshayaoga. Basi msome Newton, Galileo na Darwin kwa maneno yao, si kwa maneno ya mtu aliyesimuliwa na mtu. Ya pili: vitabu vya utangulizi hurahisisha mambo mpaka vinadanganya. Ya tatu: wakubwa walilelewa na wakubwa, na anayetaka kuwa simba asinyonye kwa paka. Hoja hizi zikisemwa na mtu mwenye sauti nzito, unaona haya kukutwa na kitabu chenye picha.

Kwanza: chemchemi yenye ua wa miiba

Tuanze na Newton, kwa kuwa ndiye aliyekula nauli ya mtoto wa watu.

Principia ilitoka mwaka 1687, kwa Kilatini, na hoja zake zimejengwa kwa jiometria ambayo mwanafizikia wa leo haitumii kazini. Mwanzoni mwa Kitabu cha Tatu, Newton anaeleza mwenyewe kwamba sehemu hiyo aliwahi kuiandika kwa namna nyepesi ili isomwe na watu wengi. Halafu akabadili nia. Akaigeuza yote kuwa vifungu vya kihisabati, ili wasiojiandaa wasije wakamletea ubishi. Mtu mmoja aliyemfahamu amesimulia kuwa Newton alikifanya kitabu kiwe kigumu kwa makusudi, awakwepe wajuaji nusu wa hisabati. Yaani hiyo chemchemi tunayoelekezwa imezungushiwa miiba, na aliyeipanda ni mwenye chemchemi.

Papo hapo anampa msomaji ushauri. Asivisome vifungu vyote, anasema, kwa kuwa vitampotezea muda mwingi hata kama hisabati anaijua. Atosheke na fasili, sheria za mwendo na sehemu tatu za mwanzo za Kitabu cha Kwanza, kisha aingie cha Tatu. Mwandishi anasema ruka. Mjomba anasema soma chote. Sijui mjomba amempita Newton wapi.

Na kwa wanaodhani dunia iliipokea kazi hiyo kwa vigelegele: Royal Society ya London ilishindwa kuichapa kwa sababu pesa zilikuwa zimeishia kwenye kitabu kikubwa cha samaki cha Francis Willughby, ambacho hakikupata wanunuzi. Edmond Halley akalipia uchapaji kutoka mfukoni mwake. Mshahara wake mwenyewe, aliokuwa akiidai jumuiya hiyo, akalipwa kwa nakala za kitabu cha samaki. Kitabu cha samaki hakimo kwenye orodha za kabla hujafa. Pole yake, maana picha kilikuwa nazo.

Pili: nani hasa anayepotosha?

Haya, vitabu vya utangulizi vinapotosha. Vingine ni kweli, tena sana. Lakini hoja hii haisimami mpaka tukubali kwamba kazi kubwa hazipotoshi. Wenye hoja nawakaribisha pwani.

Mwaka 1632 Galileo Galilei alitoa Dialogo, mazungumzo ya watu watatu kwa siku nne kuhusu kipi kinakizunguka kipi, dunia au jua. Siku ya nne, ambayo aliihesabu kuwa silaha yake kubwa, ni ya kujaa na kupwa kwa bahari. Anadai maji hupanda na kushuka kwa kuwa dunia inajizungusha huku inalizunguka jua, basi bahari inayumba ndani ya bakuli lake kama maji ya kunywa yanavyoyumba ndani ya mashua iliyoyapakia, ikikaza mwendo au ikipunguza. Mwezi je? Mwezi anautupa kando. Anamshangaa Johannes Kepler, mtu mwenye akili zake timamu, kukubali kwamba mwezi una mamlaka juu ya maji.

Sasa uchukue ukurasa huo ukamsomee mvuvi wa Kizimkazi. Yeye hana hata tiketi ya basi ya kuweka alama kitabuni. Ila anajua kuwa mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo linapokuja bamvu: maji yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi na kupwa mpaka mwamba unabaki mtupu, kina mama wanatoka na vijiti kuchokoa pweza. Anajua kuwa mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na safari hupangwa kwa kulitazama hilo. Anajua bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kwamba kesho itachelewa kujaa kwa karibu dakika 50 kuliko leo, kama mwezi nao unavyochelewa kuchomoza. Mtambo wa Galileo, ukiachwa wenyewe, unaijaza bahari mara moja kwa siku. Ile ya pili ilibidi aitafutie sababu kwenye urefu na kina cha bahari. Mvuvi atasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha atauliza huyo mzee kwao kulikuwa na bahari gani.

Simlaumu Galileo. Kani ya uvutano ilikuwa haijaelezwa, na aliyekuja kuieleza alikuwa hajazaliwa. Ninachouliza ni hiki: nani atamwambia msomaji mgeni kwamba hicho alichoelekezwa kuwa kilele ndicho kilichokosewa? Kitabu chenyewe hakitamwambia. Kimezikwa na kosa lake, na utamu wa maneno unalifanya kosa liteleze vizuri zaidi kooni. Kitabu cha utangulizi kikikosea, mwalimu fulani analalamika na chapa inayofuata inasahihishwa. Dialogo nani ataisahihisha?

Wala Galileo hayuko peke yake rafuni. Antoine Lavoisier, mwaka 1789, alitoa orodha ya vitu sahili 33. Humo ndani mna mwanga, na mna joto, vimekaa na oksijeni kama ndugu. Charles Darwin hakujua urithi unafanyaje kazi. Mwaka 1868 alipendekeza kwamba kila kiungo cha mwili hutoa vichembe vinavyokwenda kukusanyika kwenye viungo vya uzazi, wakati makala ya Gregor Mendel kuhusu njegere ilikuwa imeshachapwa miaka miwili nyuma na imelala.

Na ukiniambia "Darwin kwa maneno yake", nitakuuliza maneno yapi. On the Origin of Species ilitoka Novemba 1859, nakala 1,250. Kufikia 1872 ilikuwa na chapa sita, kila moja amepunguza hapa, ameongeza pale, amemjibu fulani. Ile kauli ya kunusurika kwa anayefaa zaidi, ambayo kila mtu humbambikia Darwin, ni ya Herbert Spencer, na haikuingia mpaka chapa ya tano, 1869. Hata lile neno la Kiingereza tunalolitafsiri kuwa mageuko halimo mpaka chapa ya sita. Na hiyo ya sita, iliyojaa mabishano na watu waliokwisha sahaulika, ndiyo iliyochapwa tena na tena. Chemchemi ziko sita, na mtu anakuambia kunywa tu.

Tatu: simba aliyenyonya kwa paka

Hapa ndipo hoja yao inapokuwa tamu zaidi, na ndipo inapovunjika vibaya zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 19 palikuwa na kijana London, mtoto wa mhunzi, shule aliionja tu. Akiwa na miaka 14 akawekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Vitabu vya watu vilipita mikononi mwake vikiwa vimechanwa migongo, naye akawa anavisoma kabla ya kuvishona. Kimoja kilikuwa mazungumzo kuhusu kemia, kimetoka 1806, jina la mwandishi halikuwekwa. Mle ndani bibi mmoja anawafundisha wasichana wawili, Emily na Caroline; wanamuuliza maswali ya kitoto, anawajibu, wanafanya jaribio mezani. Aliyeandika ni Jane Marcet, mwanamke ambaye hakuwa mtaalamu wa kemia na alisema hivyo bayana. Kwa vipimo vya mjomba, hicho ni kijitabu cha kukaririshana.

Kijana hakukikariri. Alichukua visenti vyake, akanunua vitu vidogo vidogo, akapima kama anayoambiwa ni kweli. Yakawa kweli. Jina lake Michael Faraday. Mwaka 1831 alionyesha kuwa sumaku inayosogea huzalisha umeme kwenye waya, na kila jenereta inayonguruma nyuma ya duka mtaani kwako inafanya kazi kwa kanuni hiyo. Hisabati yake ilikuwa duni mpaka kufa. Angepewa Principia angebaki fundi hodari wa majalada, na pengine angeijalidi vizuri sana.

Alipokuwa mzee, sikukuu za Krismasi za 1860 kuingia 1861, alisimama mbele ya watoto na vijana pale Royal Institution akazungumza juu ya mshumaa. Mshumaa tu, mihadhara sita. Ikachapwa kuwa kitabu, na leo wenye orodha wanakiita kazi kuu ya kale. Nimewahi kumsikia mmoja akikisifia kwa dakika 20. Nilipomuuliza jaribio gani lilimpendeza, akakumbuka ana simu ya kupiga.

Basi nimtajie mimi. Umeme ukikatika leo usiku, washa mshumaa, uache uwake vizuri kwa dakika chache. Uzime kwa pumzi nyepesi. Kwenye utambi utaona uzi mweupe wa moshi unapanda. Haraka, leta njiti ya kiberiti inayowaka kwenye ule moshi, vidole viwili au vitatu juu ya utambi, usiuguse utambi wenyewe. Moto utateremka kwenye uzi wa moshi kama mtu anayeshuka ngazi, na mshumaa utawaka tena. Mtoto yeyote atakuambia tena, tena. Hapo ndipo unamuuliza: basi kinachoungua ni nini? Si utambi. Ni nta iliyoyeyuka, ikapanda kwenye utambi, ikawa mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto.

Sasa tazama rafu yao vizuri. Kitabu cha Faraday ni mazungumzo na watoto. Kile cha Lavoisier chenye vitu 33 kinajiita, kwenye jalada lake, kitabu cha mwanzo cha kemia. Cha Euklidi kinaitwa Misingi. Galileo aliiacha Kilatini ya maprofesa akaandika Kiitaliano ili wasomaji wa kawaida wamwelewe. Nusu ya majabali wanayoyasujudia ni vitabu vya utangulizi vilivyozeeka, na nusu nyingine waandishi wake hawakumkusudia msomaji wa kawaida hata kidogo. Wanamkataza kijana kitabu cha mwanzo cha mwaka huu, kisha wanamwamuru asome kitabu cha mwanzo cha mwaka 1789.

Nne: kile ambacho kila mtu anacho

Hili nitalipitia haraka. Wengine husema: sawa, Newton mgumu, basi Stephen Hawking. A Brief History of Time, 1988, nakala zaidi ya milioni kumi. Hawking alisimulia kwamba aliambiwa kila mlinganyo atakaouweka utapunguza mauzo kwa nusu, akauweka mmoja tu. Vizuri. Mwaka 2014 mwanahisabati Jordan Ellenberg alitazama, nusu kwa mzaha, ni kurasa zipi wasomaji wa vitabu vya kielektroniki huzipigia mstari, ili akisie wanafika wapi kabla ya kuchoka. Kwa kitabu cha Hawking alipata asilimia 6.6. Kumbe kukosekana kwa hesabu hakukufanya kitabu kuwa chepesi. Kulificha tu mahali kilipo kigumu, na msomaji hajui amepotelea wapi.

Tano: bili inakwenda kwa nani

Hakuna anayeihesabu gharama ya heshima hii, kwa sababu anayeilipa hulipa kimya kimya. Hufunga kitabu ukurasa wa 38 na kuamua kuwa sayansi ni ya watu wenye vichwa. Mjomba hatamwona tena akiuliza swali, naye mjomba atasema vijana wa siku hizi hawasomi.

Mwaka 1963, pale Sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Nafasi zilikuwa zinajaa, Mpemba akayaingiza yakiwa moto. Yakaganda kabla ya maziwa yaliyopozwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na kwa muda jina lake likawa kichekesho cha darasa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu, Denis Osborne, mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Osborne akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Wapenda vitabu vikuu hufurahi sana hapa, kwani jambo hilo lilishatajwa na Aristotle, likatajwa na Francis Bacon mwaka 1620, likatajwa na René Descartes mwaka 1637. Mnaona? wanasema. Lilikuwa humo! Ndiyo, lilikuwa humo. Lilikuwa humo kwa karne nyingi, katika maktaba zote zenye ngazi za mbao, na wengi waliokuwa nazo hawakushughulika nalo. Lilikuja kuulizwa upya na mvulana mwenye maziwa aliyekataa kuamini kitabu kuliko friza. Na bado halijafungwa: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vinavyotia shaka kama jambo lenyewe lipo. Kijana wa kidato cha tano anahitaji kitabu cha kumwambia hivyo, kwamba kesi ya Lushoto iko wazi na thamometa inauzwa dukani.

Kitabu hicho kwa Kiswahili kiko wapi? Hapa ndipo bili inapokuwa nene. Tunafundisha sayansi kwa Kiswahili mpaka mwisho wa shule ya msingi, kisha tunamkabidhi mtoto kwa Kiingereza, na anayebaki nje ya lango hana pa kuendelea. Istilahi si kisingizio: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno tunayo tangu wakati huo. Tulichokosa ni mtu anayekubali kuonekana mdogo kwa kuandika kitabu kidogo. Msomi wetu akistaafu anataka kumtafsiri Darwin, awekwe kwenye picha pamoja na Darwin. Kitabu cha kurasa 80 kuhusu kwa nini sufuria ya alumini hupata joto haraka kuliko chungu, hicho anaona kitamwangusha hadhi.

Na mnisaidie: kwenye hizo orodha, nani aliwahi kukitaja Mahali Pasipo na Daktari? Ni tafsiri ya kazi ya David Werner iliyoanza kwa Kihispania milimani Mexico. Kina picha za kuchorwa kwa mkono, kinaeleza maji, chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha, kinaeleza dawa ipi usimpe mgonjwa na kwa nini. Nakala niliyoikuta kwenye zahanati moja ya kijijini ilikuwa imeshikizwa kwa plasta ya vidonda. Hakuna Principia niliyowahi kuiona imechakaa namna hiyo.

Kijana nilimwambia aiweke Principia juu ya kabati, haitaoza, atairudia akishamaliza kalkulasi, na akiirudia afuate ushauri wa Newton wa kuruka. Tukazima taa tukawasha mshumaa. Alirudia lile jaribio la moshi mara tisa.

Nawe mwalimu wa fizikia wa Tanga, wa Lamu, wa Mtwara, ambaye likizo ijayo utakuwa umekaa barazani unatazama maji: tuandikie bamvu na maji mafu. Kurasa 80 zinatosha, ziwe na michoro, ziwe na jambo la kwenda kupima ufukweni kwa kijiti na saa. Weka jina lako kwenye jalada. Mimi nitanunua nakala mbili, na moja nitampelekea mjomba.